Bibi wa Kilambo na mto usio na mamba

BIBI aliingia Dar es Salaam jioni kwa basi la Mtwara, akiwa na mfuko wa korosho, ming'oko ya kuchemsha na samaki wakavu waliofungwa kwenye gazeti. Alikuja kumhudumia binti yake aliyejifungua mtoto wa tatu. Kama ilivyo desturi, alipanga kukaa siku arobaini: kumkanda mzazi kwa maji ya moto, kumpikia uji, kumwogesha mtoto, kisha kurudi Kilambo kabla ya mvua ili aliwahi shamba lake la mpunga.

Binti anaishi Vingunguti na mume wake, chumba na sebule katika nyumba yenye wapangaji sita. Nyuma ya nyumba kuna uchochoro, na uchochoro ukiisha kuna bonde. Chini ya bonde unapita Mto Msimbazi.

Asubuhi ya pili bibi alisimama mlangoni na mjukuu wake wa darasa la tatu, akatazama kule chini.

"Mjukuu wangu, mto wenu huu una mamba?"

Mtoto alicheka mpaka akashika tumbo. "Bibi, huo si mto. Huo ni mtaro."

Bibi hakucheka. Kwao Kilambo, wilaya ya Mtwara, mto ni kitu cha kuheshimiwa. Ruvuma unaanzia milima ya Matogoro karibu na Songea, unatembea kama kilomita 800, na sehemu kubwa ya safari hiyo ndiyo mpaka wa Tanzania na Msumbiji. Ukifika Kilambo unakaribia bahari. Mwanamke haendi kuchota maji peke yake. Huenda wawili au watatu, mmoja anainama na mwingine anaangalia maji, maana mamba haagi na kiboko hana urafiki. Mtoto wa Kilambo hujifunza kuuogopa mto kabla hajajifunza kuandika jina lake.

Sasa hapa mjini alimkuta mtoto wa darasa la tatu ambaye haogopi mto hata kidogo. Mpira ukidondokea mle ndani, anaingia na ndala zake anautoa.

Mchicha wa jirani

Siku ya nne jirani alibisha hodi akiwa na mafungu mawili ya mchicha. Ni mama wa makamo, mjane, mwenye matuta manane kule bondeni. Kwa matuta hayo amesomesha watoto wawili hadi kidato cha nne.

"Shikamoo mama. Nimemletea mzazi mboga, zimwongezee damu."

"Marahaba mwanangu. Mungu akuzidishie."

Mchicha ulipikwa kwa karanga, mzazi akala, bibi akala, watoto wakala. Ulikuwa mtamu. Kesho yake bibi akaomba ashuke bondeni kuona shamba la jirani, kama mkulima anavyopenda kuona shamba la mkulima mwenzake.

Alichokiona kilimfanya akae kimya. Jirani alikuwa akichota maji ya mtoni kwa ndoo na kumwagilia matuta. Maji yalikuwa na rangi ya chai iliyolala, na povu limekwama kwenye nyasi. Bibi alichovya kidole, akakinusa, akakifuta kwenye kanga.

"Mwanangu, maji haya yana mafuta gani?"

"Inategemea na siku, mama. Siku nyingine yanakuja ya bluu, siku nyingine mekundu. Yakija ya moto tunasubiri yapoe."

Kwa mtu wa Mtwara, jibu lile lilitosha. Kila aliyewahi kubangua korosho kwa mkono anayajua mafuta ya ganda lake. Yanaunguza vidole mpaka ngozi inabanduka, na hakuna mama anayekubali yaguse chungu cha mboga. Bibi hajasoma kemia, lakini anajua kwamba si kila kinachotiririka ni maji.

Jioni alimwambia binti yake kwamba mchicha ule usiliwe tena. Binti alikasirika. "Mama, hapa si Kilambo. Huyu ndiye aliyenishika mkono nilipougua uchungu usiku. Nikimrudishia mboga zake nitamtazama vipi?"

Hapo ndipo lilipo tatizo la familia nyingi za mjini. Si kwamba watu hawajui kuwa mto ni mchafu, kwa sababu harufu peke yake inatosha. Ugumu ni kwamba uchafu wenyewe umepitia kwenye mkono wa mtu unayempenda.

Maji yale yamebeba nini?

Msimbazi ni mto kweli, si mtaro. Unaanzia vilima vya Pugu upande wa Kisarawe, unatembea kama kilomita 35, unapita Gongo la Mboto, Vingunguti, Tabata, Kigogo na Jangwani, kisha unaingia Bahari ya Hindi pale Daraja la Salenda. Njiani unapokea vijito vingine, ukiwemo ule wa Sinza. Jina lake limo katika Mtaa wa Msimbazi pale Kariakoo, na kupitia mtaa huo kila shabiki wa soka nchini anawajua Wekundu wa Msimbazi. Wengi wanaoshangilia jina hilo hawajawahi kuusogelea mto wenyewe.

Kati ya Vingunguti na Barabara ya Nyerere ndipo lilipo moja ya maeneo makubwa ya viwanda nchini. Kila aina ya kiwanda ina uchafu wake. Kiwanda cha nguo hutoa maji yenye rangi, chumvi na magadi, na baadhi ya rangi hizo zina madini kama shaba na kromiamu. Kiwanda cha vinywaji hutoa maji yenye sukari, hamira na dawa kali za kuoshea chupa. Kazi za vyuma, mabati, rangi za nyumba na betri zinaweza kutoa zinki, kadimiamu na risasi. Machinjio hutoa damu, mafuta na kinyesi.

Damu na sukari zinaonekana kama vitu visivyo na madhara, maana vyote ni chakula. Lakini mtoni vinaliwa na vijidudu, na vijidudu hivyo vinapozaliana vinamaliza hewa ya oksijeni iliyomo ndani ya maji. Samaki hukosa pumzi na kufa, maji huwa meusi na kuanza kunuka yai viza. Ndiyo maana bibi hakuona hata kambale mmoja.

Machinjio ya zamani ya Vingunguti yalilalamikiwa kwa miaka mingi kwa sababu hiyo. Mwaka 2019 Rais John Magufuli alifika pale na kuagiza ujenzi wa machinjio ya kisasa uharakishwe, na yakajengwa. Huo ni ushahidi kwamba jambo likiamuliwa linawezekana.

Madini mazito ni habari nyingine. Damu huoza ikaisha, lakini risasi haiozi. Ikishuka kwenye udongo wa bonde inakaa hapo miaka na miaka, hata kama bomba lililoileta limezibwa. Mchicha unainywa kwa mizizi pamoja na maji, inapanda hadi kwenye majani. Kwa hiyo kuosha mboga kwa chumvi au siki kunaondoa vumbi na kupunguza vijidudu, lakini madini yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa kuoshwa wala kwa kuchemshwa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1999 wanakemia wawili wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, T. E. Bahemuka na E. B. Mubofu, walichapisha matokeo ya kupima mboga za majani zilizolimwa kando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Walipima kadimiamu, shaba, risasi na zinki ndani ya mboga hizo. Wanaosoma darasa la tatu leo walikuwa hawajazaliwa, na baadhi ya wazazi wao walikuwa bado watoto.

Kwa nini mzazi na mtoto mchanga wawe wa kwanza kulindwa? Risasi hushambulia ubongo unaokua. Mtoto anaweza asionyeshe ugonjwa wowote, hana homa, hatapiki, ila anakuwa mzito wa kushika masomo, hawezi kutulia, na mzazi anamchapa akidhani ni utundu. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Na mama mjamzito huweza kumpitishia mwanawe aliye tumboni.

Kilichowapata wenzetu wa Minamata

Ulimwengu una fundisho moja ambalo kila mama wa pwani anapaswa kulisikia. Minamata ni mji wa wavuvi nchini Japani. Kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilimwaga baharini maji yenye zebaki kuanzia mwaka 1932 hadi 1968. Zebaki iliingia kwenye samaki na kombe. Paka wa mjini waliokula samaki walianza kuyumba na kufa. Mwaka 1956 ugonjwa huo ukatambuliwa rasmi kwa watu: mikono kutetemeka, macho kufifia, ulimi kuwa mzito, na wengine kupoteza maisha.

Lililowashangaza madaktari zaidi ni akina mama walioonekana wazima, au wenye dalili ndogo tu, ambao walizaa watoto wenye ulemavu mkubwa. Sumu ilikuwa imempita mama na kumfuata mtoto.

Msimbazi si Minamata, na mchicha si samaki. Ila njia ya sumu inafanana: kutoka kwenye bomba hadi kwenye maji, kutoka kwenye maji hadi kwenye chakula, kutoka kwenye chakula hadi kwa mama, na kutoka kwa mama hadi kwa mtoto ambaye hajui hata kiwanda ni nini. Mle njiani kila mtu anadhani madhara yataishia kwa mwingine.

Uchafu hauishi, unahama

Dar es Salaam wenyewe wana kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko hotuba yoyote. Kwa miaka mingi jaa kuu la jiji lilikuwa Tabata, katika bonde la Msimbazi. Moshi, nzi na harufu viliwachosha wakazi. Mwaka 1988 walikwenda Mahakama Kuu, katika kesi ya Joseph Kessy na wenzake dhidi ya Halmashauri ya Jiji. Mahakama ikaamuru utupaji taka ukome. Jiji likaomba muda, likaongezewa, likaomba tena. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira alikataa kuongeza muda, akishangaa kwamba chombo cha umma kinaweza kwenda mahakamani kuomba ruhusa ya kuchafua mazingira na kuhatarisha maisha ya watu.

Tabata wakashinda. Taka zikaenda wapi? Zilipelekwa Kunduchi Mtongani. Wakazi wa huko nao wakaenda mahakamani mwaka huo huo wa 1991, katika kesi ya Festo Balegele na wenzake, nao wakashinda. Taka zikahamia Vingunguti, kando ya Msimbazi ule ule. Baada ya Vingunguti ikaja Mtoni, na baada ya Mtoni ikaja Pugu Kinyamwezi, upande wa vilima vya Pugu ambako Msimbazi wenyewe unaanzia.

Watu wa Tabata na Kunduchi hawakukosea kudai haki yao. Katiba inawapa haki ya kuishi na waliitumia. Lakini kisa kinaonyesha tabia yetu wote: tunataka uchafu uondoke mbele ya macho yetu, hatuulizi unakokwenda. Maji hufuata mkondo, na uchafu hufuata watu wasio na wa kuwasemea.

Tabia hiyo haiko viwandani peke yake. Mvua kubwa zikianza, baadhi ya familia za bondeni hutapisha vyoo. Hutoboa shimo, kinyesi kikachukuliwa na maji ya mvua, na baba mwenye nyumba akaokoa fedha ya gari la majitaka. Fundi magari humwaga oili chafu mferejini. Mama hufunga pampasi za mtoto kwenye mfuko na kuzitupa korongoni usiku. Mwenye kiwanda naye hufungulia bomba usiku. Kiasi kinatofautiana sana, na mwenye kiwanda anapaswa kuulizwa zaidi kwa sababu ana uwezo zaidi, lakini wote wanafikiria kitu kimoja: kikipita hapa kwangu, basi.

Mto hulipa kisasi kwa kurudisha. Desemba 2011 mafuriko makubwa ya Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 40, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande. Kila mafuriko yanapokuja, yale yaliyotupwa mtoni huingia sebuleni, juu ya godoro na ndani ya sufuria. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola za Marekani milioni 200 kwa ajili ya mradi wa kuendeleza bonde la Msimbazi. Hispania na Uholanzi nazo zinachangia. Mradi unahusu kudhibiti mafuriko, kujenga daraja jipya Jangwani na kuligeuza bonde la chini kuwa bustani ya jiji. Ni jambo kubwa na jema. Hata hivyo, daraja linavusha watu, halisafishi maji. Maji yatasafishwa pale yanapochafuliwa.

Sheria ipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya mazingira safi, salama na yenye afya. Inakataza pia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto zinazoweza kuuharibu. Kiwanda kinatakiwa kusafisha majitaka yake kabla hayajatoka getini, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC, lina mamlaka ya kukagua, kutoza faini na hata kufunga. Mwananchi ana haki ya kulalamika, lakini malalamiko yanayosaidia ni yale yenye siku, saa na mahali. "Maji machafu yanatoka" ni kilio. "Jumanne saa nne usiku, bomba la nyuma ya ukuta wa buluu, maji mekundu ya moto" ni taarifa.

Familia ifanye nini?

Kwanza, mboga za majani zisiachwe. Mama anayenyonyesha anazihitaji, na mtoto aliyepungukiwa madini ya chuma na kalisi mwilini mwake hufyonza risasi kwa urahisi zaidi. Kuacha mboga kwa kuogopa risasi ni kuikaribisha. Cha kufanya ni kujua zinatoka wapi. Muulize muuzaji bila dharau, na usinunue kwa mtu mmoja mwaka mzima. Maharage, dagaa na maziwa viwepo mezani kadiri mfuko unavyoruhusu.

Pili, aliye na uwanja mdogo anaweza kuotesha mboga kwenye viroba na ndoo zilizotoboka, kwa udongo ulioletwa kutoka mbali na bonde na barabara kuu, na kwa maji ya bomba. Viroba vitano vinaweza kuipunguzia familia ndogo safari nyingi za kwenda genge.

Tatu, watoto wasicheze mtoni wala kwenye matope yake, na wanawe mikono kabla ya kula. Watoto wadogo hula udongo bila kujua, kupitia vidole vyao.

Nne, gari la majitaka ni gharama, lakini wapangaji sita wakichanga ni nafuu. Wengi hutapisha choo kwa sababu hakuna aliyeanza kuitisha mchango.

Tano, serikali ya mtaa iulizwe kwenye mkutano. Kiwanda fulani kilikaguliwa lini? Majibu yake yako wapi? Swali likiulizwa na mtu mmoja huonekana fitina, likiulizwa na akina mama ishirini huandikwa kwenye muhtasari.

Jirani na matuta manane

Bibi hakumrudishia jirani mboga. Alimwita ndani, akamwekea korosho, wakaongea kama mama na mwanawe. Alimweleza alichokiogopa. Jirani alisikiliza mpaka mwisho, akafuta macho.

"Mama, unadhani silijui? Wangu wawili wamekula mchicha huu tangu wameota meno. Niache, nile nini?"

Swali hilo ndilo wanaohubiri usafi wa mto mara nyingi hawalijibu. Jirani si adui wa mtoto mchanga. Hakuweka risasi kwenye maji. Yeye na watoto wake ndio waliokula zaidi kuliko mteja yeyote. Kumwambia aache bila kumwonyesha njia nyingine ni kumhamishia uchafu wa wengine, kama lile jaa.

Binti ndiye aliyepata wazo. Ardhi isiyofaa kwa chakula inafaa kwa maua, miti ya kivuli na majani ya kupamba nyumba, maana hayaliwi. Jijini watu wananunua miche kando ya barabara kila siku. Tatizo ni miezi ya mwanzo, kabla miche haijafikia kuuzika. Binti yumo kwenye kikoba cha akina mama wa mtaa. Waliitisha kikao wakiwa wamemzunguka mzazi na mtoto wake, wakakubaliana kumkopesha jirani fedha ya kuanzia, arudishe taratibu.

Alianza na matuta mawili. Sita bado ni mchicha. Si ushindi mkubwa, na bado hajajua mradi wa bonde utamwacha pale au utamwondoa. Lakini matuta mawili hayapeleki tena kitu kwenye sufuria ya mtu.

Swali la mwisho

Mtu anaweza kusoma haya akiwa Mtwara na kusema hayo ni ya Dar es Salaam. Lakini tangu mwaka 2015 gesi ya Mnazi Bay inasafirishwa kwa bomba hadi Kinyerezi, inazalisha umeme unaoendesha viwanda hivyo hivyo. Na viwanda vyenyewe vinaelekea Kusini pia. Kongani ya kubangua korosho inaandaliwa Maranje, Nanyamba. Ni habari njema, kwa sababu korosho ikibanguliwa nyumbani, ajira inabaki nyumbani. Lakini mafuta ya ganda yanayobandua vidole vya bibi hutoka kwa wingi kiwandani kuliko jikoni. Sheria inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike kabla ya kujenga, na wananchi wasikilizwe. Huo ndio wakati wa kuuliza maganda na maji ya kiwanda yatakwenda wapi, bomba likiwa bado kwenye karatasi.

Mdomo wa Ruvuma una mikoko ambamo kamba na samaki wadogo hukulia, na tangu mwaka 2000 eneo hilo limo ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma. Mikoko ilikuwepo pia kwenye mdomo wa Msimbazi, na mingine ipo hadi leo pale Salenda, imevaa mifuko ya plastiki.

Siku ya arobaini mtoto alinyolewa nywele, akapewa jina, wageni wakala pilau. Kesho yake alfajiri bibi alifunga mzigo. Mjukuu wa darasa la tatu alimsindikiza hadi kituo cha basi, akimbebea mfuko. Kwa wiki tano alikuwa amezoea kuulizwa na bibi yake kuhusu kila kitu kilichomwagwa: maji ya kufulia, mafuta ya kukaangia, taka za uani. "Na hiki kinakwenda wapi?" Ilikuwa kama mchezo kati yao.

Basi lilipowashwa, mtoto akasogea dirishani.

"Bibi, na choo chenu cha Kilambo, mvua ikinyesha kinakwenda wapi?"

Bibi alifungua mdomo ajibu, akanyamaza. Alilifikiria shimo lile nyuma ya mwembe, na mteremko unaoshuka hadi majini.

"Nikifika nitaangalia, mjukuu wangu," alisema. "Nitampigia mama yako simu, akwambie."